Mombo ya milimita 12

Taruma moja hunichukua dakika nne. Nakata ukanda mwembamba wa bati la kopo la maziwa, urefu wa sentimita mbili, naulaza juu ya kipande cha mninga nilichokichimba mfereji, kisha naukandamiza kwa msumari butu mpaka kingo zake ziiname kama ngalawa iliyopinduliwa. Reli ya Usambara ilitandikiwa mataruma ya chuma ya umbo hilo, kwa kuwa mchwa wa huku hawana simile na mbao. Mita moja ya njia juu ya meza yangu inakula mataruma zaidi ya 110. Hadi sasa nimemaliza mita mbili na nusu.

Ninaunda stesheni ya Mombo kwa uwiano wa 1:87, kipimo kinachotumiwa na wengi duniani katika kazi hii. Kwa kipimo hicho mtu mzima ana kimo cha milimita 19, na reli yetu ya geji ya mita moja inakuwa na upana wa milimita 12. Hesabu kamili ni 11 na nusu, lakini 12 ndiyo iliyozoeleka, na kwa hilo tuwashukuru Waswisi. Nao wana reli za geji ya mita zinazopanda milima yao, na wapenzi wa treni ndogo kule walikwisha kuhangaikia magurudumu na ekseli za upana huo miaka mingi kabla yangu. Gurudumu lililokusudiwa kwa theluji ya Alps linaviringika vizuri kabisa chini ya Usambara.

Reli ikishatandikwa, huwezi kuikagua ukiwa umesimama. Ukiitazama kwa juu kila kitu kimenyooka. Sharti uinamishe kichwa, shavu liguse meza, ufumbe jicho moja na utazame kwa urefu wa njia. Hapo ndipo kombo la nusu milimita linapojitokeza kama kilima. Nilijifunza hivyo kwa kumtazama nyapara wa genge la reli karibu na Mombo, amepiga goti juu ya kokoto, shavu karibu na chuma, mkono mmoja hewani akiwaelekeza wenzake wenye mataimbo: sogeza, sogeza kidogo, basi. Hakuwa na kifaa chochote zaidi ya jicho. Nami sina.

Kutoka Tanga hadi Mombo ni kilomita 129. Zigawe kwa 87, unabakiwa na karibu kilomita moja na nusu. Kwa hiyo Tanga yangu, kama ningekuwa na pesa na kichaa cha kutosha kuijenga, ingekuwa mitaa kadhaa kutoka hapa nyumbani. Kazi ya kujenga njia ilianza Tanga mwaka 1893. Muheza ilifikiwa 1896, halafu kampuni ikaishiwa fedha na serikali ya kikoloni ikaichukua njia mwaka 1899. Korogwe 1902. Mombo, Februari 1905. Zamani niliposoma tarehe hizo niliwaza tu kwamba walikwenda kinyonga. Tangu nianze kuhesabu mataruma sisemi tena hivyo. Kila moja la kule lilihitaji watu wa kulinyanyua, na jua la bonde la Mombo halina kivuli.

Milima ndiyo iliyonitesa. Lushoto iko karibu mita 1,000 juu ya Mombo. Kwa uwiano wangu hizo ni zaidi ya mita 11, yaani ningetoboa paa la nyumba na kuendelea kupanda. Nilianza kuchonga vilima kwa shina la ua la mkonge lililokauka, lile refu ambalo watoto wa Tanga huchongea magari, kwa kuwa ni jepesi na linakubali kisu kama jibini. Vikatoka vichuguu. Sasa shina hilo nimelitumia kwa tuta na ukingo wa barabara tu, na Usambara nimeipaka rangi kwenye ubao uliosimama nyuma. Siri ni kuichanganya kijani na maji na buluu kidogo kadiri unavyopanda, mpaka mstari wa juu ukaribie kupotea, kama unavyokuwa saa nne asubuhi ukiutazama kutoka kituo cha mabasi. Nimeipaka mara sita. Ya sita naikubali.

Kisha kuna swali ambalo kila fundi wa treni ndogo lazima alijibu: ni siku gani? Stesheni haina sura moja. Kuanzia 1905 hadi njia ilipofika Buiko mwaka 1909, Mombo ilikuwa mwisho wa reli. Baada ya njia kufika Moshi, kilomita 352 kutoka Tanga, ikawa kituo cha kupita. Mwaka 2019, mwezi Desemba, treni ya abiria ya Moshi ilirudi baada ya miaka mingi ya ukimya. Kila tarehe inakataza kitu. Natamani sana kuweka mezani kichwa cha mvuke namba 5930, Mount Shengena, kimojawapo cha yale majitu ya daraja la 59 ya Reli za Afrika Mashariki, tani 252, rangi ya damu ya mzee, kilichopewa jina la mlima wa Upare. Kwa uwiano wangu kingekuwa na uzito wa gramu 383, mkononi kama embe. Lakini vichwa hivyo vilifanya kazi Kenya, njia ya Mombasa na Nairobi. Jina lina haki ya kuwa huku, chuma chenyewe hakina. Mwenye hamu ya kuviona aende Makumbusho ya Reli Nairobi, amtazame Mount Gelai. Mombo hakiingii.

Siku niliyoichagua ni ya mwanzoni mwa 1916. Vita vimepamba moto, na Wajerumani wanahitaji kuhamisha shehena kutoka reli hii hadi Reli ya Kati, ambazo hazikuwa zimeungana. Wakang'oa vijireli vya mashamba ya kaskazini na kutandika njia ya troli kutoka Mombo hadi Handeni. Mbele ya hapo mzigo ulikwenda kwa vichwa vya wapagazi. Mwezi Juni majeshi ya Uingereza yaliishika Mombo, na baada ya siku chache Handeni. Mombo ndipo mzigo uliposhuka kutoka njia pana, ukapanda njia nyembamba. Mimi nautaka upana huo wa pili. Sentimita 60 za vijireli vya shamba, kwa uwiano wangu, zinakaribia milimita 7; natumia reli za milimita 6.5, zinazouzwa kwa treni ndogo kuliko zangu. Ukiziweka kando ya zile za 12 unaona bila kuambiwa kwa nini kazi ilikuwa ngumu. Behewa moja linajaza troli nyingi.

Na katikati ya njia hizo mbili, watu. Sanamu za dukani zimevaa makoti ya baridi na kofia za Ulaya, hazinifai. Nasokota wangu kwa uzi wa shaba uliochopolewa kwenye waya wa umeme, navika mwili kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa msasa. Mtu mmoja, jioni mbili. Shingo ndiyo ngumu: mwenye mzigo kichwani hashiki shingo kama asiye na mzigo, mabega yanashuka na kidevu kinarudi ndani. Ninao kumi na wanne. Nahitaji arobaini, na hao ni wachache mno.

Milima iko nyuma ya meza, kwa hiyo Handeni iko upande anaosimama mtazamaji. Kijireli kinatoka stesheni, kinakata uwanja, kinakuja moja kwa moja kuelekea tumbo lako na kuishia ukingoni mwa ubao, milimita 6.5, mataruma mawili ya mwisho bado hayajafungwa.