Mlango wa Siri kwa Hatua Tatu

Mwaka 1984 jarida la Communications of the ACM lilichapisha mhadhara wa Ken Thompson, mmoja wa waundaji wa mfumo endeshi wa Unix, alioutoa alipopokea Tuzo ya Turing. Unaitwa Reflections on Trusting Trust. Ni wa kurasa chache, lakini sijasoma andiko linaloeleza vizuri zaidi jinsi mlango wa siri unavyopandikizwa ndani ya kompyuta. Nguvu yake imo katika umbo.

Thompson anaijenga hoja kwa hatua tatu. Ya kwanza ni kama fumbo la kuchangamsha akili: programu inayochapisha maandishi yake yenyewe, herufi kwa herufi. Ya pili inahusu kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo wa mtunzi kuwa maagizo ya mashine. Kompaila ya lugha ya C, ambayo yenyewe imeandikwa kwa C, ikishafundishwa alama mpya huendelea kuijua hata maelezo ya mafunzo hayo yakifutwa katika msimbo. Sauti ni tulivu, ya fundi anayeonyesha kazi yake.

Hatua ya tatu inaziunganisha hizo mbili. Kompaila inatiwa maagizo mawili: ikigeuza programu ya kuingilia kwenye mfumo, iipachike nenosiri la siri; na ikijigeuza yenyewe, iyarithishe maagizo yote mawili. Kisha msimbo unasafishwa. Ukague mstari kwa mstari, hutaona kitu, ilhali kila kompaila mpya inazaliwa na ugonjwa uleule.

Hapo msomaji anagundua kwamba ametendewa kama kompyuta yenyewe. Alipokea vipande viwili visivyo na madhara. Vilipoungana, vilikuwa vimeshaingia. Kama Thompson angeanza na tishio, tungesoma kwa tahadhari na funzo lingepotea.

Udhaifu uko mwishoni. Mhadhara unageuka mawaidha dhidi ya vijana wanaovamia kompyuta na magazeti yanayowatukuza. Ni maneno ya haki, lakini mgonjwa anaachwa bila dawa. Mwaka 2005 mtafiti David A. Wheeler alieleza dawa hiyo: msimbo wa kompaila inayoshukiwa ugeuzwe kwa kompaila nyingine yenye asili tofauti, zao lake liugeuze tena msimbo uleule, kisha matokeo yalinganishwe biti kwa biti na kompaila ya awali.

Kanuni hiyo ya kukagua kwa chombo cha nje inafaa hata kwa kompyuta ya nyumbani. Mashine iliyovamiwa haiwezi kujitolea ushahidi. Iwashwe kwa diski safi na kuchunguzwa kutoka nje. Shaka ikibaki, ifutwe yote na mfumo usakinishwe upya kutoka chanzo halali, na manenosiri yabadilishwe kwa kutumia mashine nyingine. Mfano ni wa mwaka 2024: mlango wa siri katika XZ Utils, programu ya kubana mafaili, uliofichwa ndani ya mafaili ya majaribio, ulifichuka kwa sababu mhandisi Andres Freund alitilia shaka ucheleweshaji wa takriban nusu sekunde wakati wa kuingia kwenye mfumo. Yeye hakuanza na msimbo. Alianza na mwenendo wa mashine. Thompson alitufundisha kutoamini maandishi peke yake, na anayesafisha kompyuta bila funzo hilo anafuta dalili tu.