Ufundi wa Kuendesha Nyumba

Dereva wa milimani, anayepambana na kona, hakosi wa kumsifu. Leo namsifu dereva wa tambarare, yule anayeendesha nyumba nzima, yenye jiko, kitanda, choo na tangi la maji, kutoka Winnipeg hadi Calgary. Ni zaidi ya kilomita 1,300 za barabara kuu ya Trans-Canada, ukikata majimbo matatu ya nyanda za Kanada: Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Nasema dereva kwa mazoea tu, maana kazi yenyewe ni ya watu wawili. Mimi na mume wangu huifanya wakati wa kiangazi, na kila msimu naiona ina kina zaidi ya nilivyodhani.

Upepo ndio kona za nchi ile. Ardhi ya Winnipeg na magharibi yake imelala sawasawa kwa sababu ilikuwa sakafu ya Ziwa Agassiz, lililojazwa na maji ya barafu iliyoyeyuka maelfu ya miaka iliyopita. Hakuna kilima cha kuuvunja upepo, na miti mingi unayoiona ilipandwa kukinga nyumba za wakulima. Gari-nyumba lina kimo cha mita tatu na ushei, na ubavu wake bapa hupokea kila kinachovuma. Lori la nafaka likikupita, hewa inayotangulia pua yake hukusukuma ukingoni. Likishalingana nawe, unavutwa kulielekea. Asiyezoea hupambana na usukani, mara huku mara kule, mpaka mkia wa gari unayumba wenyewe. Fundi hushika usukani bila kuukaba. Macho yake yako mbali, lori ameshaliona kwenye kioo kabla halijamfikia, mguu umelegea kidogo kwenye mafuta, na anaporekebisha mwelekeo, abiria hajui kama amerekebisha. Sehemu kubwa ya barabara inaruhusu kilomita 110 kwa saa. Sisi tunakwenda 90, na wanaotaka kupita wapite.

Utulivu huo huanzia kwenye kupakia. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi peke yake ni mzigo wa watu wazima kadhaa. Vitu vizito hukaa chini, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukivirundika nyuma kabisa ya magurudumu, pua inakuwa nyepesi na usukani hausikii tena. Mume wangu ana jicho la kazi hii kunishinda. Hufungua kabati, akainua kila kitu mkononi, akakihamisha au akakiacha, na barabarani naijua kazi yake kwa namna gari linavyotulia.

Ukiacha lami ukaingia barabara za changarawe, unakutana na ufundi wa watu wengine. Mwaka 1871 wapimaji wa serikali walianza kuigawa nchi hii katika miraba ya maili moja kwa maili moja. Lakini dunia ni mviringo: mistari inayokwenda kaskazini husogeleana kadiri inavyopanda, na miraba haiwezi kubaki miraba. Wapimaji walilijua hilo, wakaweka mistari ya kusahihisha kila baada ya maili 24. Ndiyo maana barabara iliyonyooka kama isiyo na mwisho hukata kona ya ghafla, ikaenda kidogo, ikakata tena na kuendelea kaskazini. Nazipenda kona hizo kuliko mandhari nyingi zinazopigwa picha, kwa sababu hapo umbo la dunia linafika mkononi, kwenye usukani. Nazo zinataka adabu. Magurudumu ya nyuma ya gari refu hukata kona kwa ndani, kwa hiyo unaingia kwa upana, mwenzako akitazama kioo cha upande wake.

Miraba ile ilichorwa juu ya nchi yenye wenyewe. Huko Fort Qu'Appelle, Saskatchewan, tambarare inapasuka na barabara inateremka kwenye bonde lenye maziwa. Dereva hushuka kwa gia ndogo ili breki zisichemke. Hapo, mwaka 1874, ulitiwa saini Mkataba wa Nne kati ya Ufalme wa Uingereza na watu wa Cree na Saulteaux. Kila nikishuka bonde lile nawakumbuka wanawake wa nyanda hizi, kwa kuwa ufundi wa nyumba inayosafiri ulikuwa wao karne nyingi kabla ya injini. Waliishi katika hema la tipi, la nguzo ndefu na ngozi za nyati wa kule, baisoni. Wanawake ndio waliolishona, wakalisimamisha, wakalikunja na kulifunga juu ya miti iliyokokotwa na mbwa, na baadaye farasi. Tipi haikusimama wima kabisa. Mgongo wake, ulio mkali zaidi, ulielekezwa magharibi unakotoka upepo, na mlango ukatazama mashariki. Jioni tunapotafuta pa kulala nasi tunauliza swali lile lile, upepo unatoka wapi, ndipo tunaamua mlango wetu ufungukie upande gani.

Kuegesha ndiko kunakoonyesha kama wawili hawa wanaelewana. Anayeshuka kuongoza anafanya kazi ya utingo wa lori, ila huku hakuna kupiga bodi wala kupaza sauti, maana upepo huyachukua maneno. Ni mikono, kwa ishara zilizokubaliwa mapema, na sharti moja: nikikosa kukuona kwenye kioo, nasimama. Kisha hutoka pimamaji na vibao vya kuweka chini ya magurudumu. Mtu atashangaa kwamba katika nchi tambarare namna ile tunahangaika kusawazisha gari. Sababu ni friji. Friji letu hutumia moto wa gesi kuchemsha mchanganyiko wenye amonia, na kimiminika hicho hurudi chini kwa uzito wake. Gari likilala upande kwa muda mrefu, mzunguko unakwama na friji linaweza kufa kabisa.

Kazi ya maji machafu wengi huikwepa hata kuitaja, nami naiweka juu. Matangi ni mawili, la choo na la maji ya kuogea na kuoshea vyombo. Kwenye kituo cha kumwagia unafungua kwanza la choo, likishaisha unafungua la pili, ili maji yake yausafishe mpira. Halafu unapasuuza pale ulipokanyaga na kumwaga, kwa sababu kuna familia nyingine nyuma yako, na kambi nyingi za vijiji vya nyanda hizi hazina mlinzi. Kuna kisanduku na bahasha, unaweka pesa yako mwenyewe.

Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, tunalizunguka gari, mume wangu kwa kulia na mimi kwa kushoto: ngazi imekunjwa, turubai la kivuli limefungwa, waya wa umeme umechomolewa, gesi imezimwa, vibao vimeokotwa. Tukikutana nyuma hatusimami. Kila mmoja anaendelea na upande wa mwenzake, maana jicho la pili ndilo linaloona kifuniko cha tangi kilichosahauliwa. Halafu anayekaa kwenye usukani ni yule aliyekuwa nje jana akipunga mikono.