Laini ya Kigonsera Husimama kwa Vikombe

Umeme wa gridi ulifika Songea mwaka 2018, kwa njia ya kilovoti 220 yenye urefu wa kilomita 250 hivi, kutoka Makambako kupitia Madaba, kwa ufadhili wa Sweden na fedha za Tanzania. Kabla ya hapo Songea na Mbinga zilikuwa zikiungurumiwa na majenereta ya dizeli. Songea umeme huteremshwa hadi kilovoti 33, kisha hufuata barabara ya Mbinga na kupita Kigonsera. Mradi kama huu husimuliwa kwa nyaya na kilomita. Kuupitisha umeme, hata hivyo, ndiyo kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kuuzuia usitoke njiani.

Waya wenyewe ni aluminiamu iliyosokotwa, mara nyingi ikiwa na uzi wa chuma katikati. Kwa unene uleule, aluminiamu hupitisha umeme asilimia 60 hivi ya shaba, lakini uzito wake haufiki theluthi. Ukiinenepesha kidogo, inafanya kazi ya shaba kwa nusu ya uzito, na kwa bei nafuu. Chuma hupitisha vibaya. Kimewekwa kubeba mzigo tu.

Wengi huamini waya ule umevishwa plastiki. Uko uchi. Kinachouvika ni hewa, kizuizi cha bure kuliko vyote. Hewa kavu hushindwa inapobanwa na takriban kilovoti 3 kwa kila milimita. Kati ya waya mmoja wa kilovoti 33 na ardhi kuna kilovoti 19, na kilele chake hufika 27. Kwa hesabu ya maabara, basi, sentimita moja ya hewa ingekaribia kutosha. Mafundi huacha nafasi kubwa mara nyingi zaidi, kwa sababu ya ncha kali, upepo, ndege na radi.

Mtihani uko pale waya unapolazimika kugusa nguzo. Hapo ndipo penye kikombe, kile kigae cha kahawia chenye sketi juu ya sketi. Kaure ndani yake haina elektroni zilizo huru kutembea, kwa hiyo umeme haupenyi. Hutafuta njia ya juu ya ngozi. Vumbi kavu peke yake halina madhara makubwa, na mvua kubwa huuosha uso huo bure. Hatari ni vumbi la kiangazi lililoloweshwa na ukungu au manyunyu ya kwanza: chumvi zilizomo huyeyuka, kikombe kikavaa utando unaopitisha umeme, cheche zikaanza kutambaa. Nguzo ya mti, ambayo ikikauka huzuia vizuri, nayo ikilowa huwa njia. Ndiyo maana laini huweza kuzimika asubuhi yenye manyunyu tu.

Zile sketi si urembo. Kazi yake ni kurefusha njia ya juu ya uso, na upande wa chini ubaki mkavu. Kanuni iliyotumika kwa miaka mingi hutaka milimita 16 kwa kila kilovoti mahali safi, hadi 31 penye uchafu mkubwa. Laini ya kilovoti 33 hupimwa kwa kiwango chake cha juu, 36. Hiyo ni sentimita 58 hadi zaidi ya mita moja. Tanga au Kilwa, penye upepo wa chumvi, huhitaji vikombe virefu. Mbamba Bay haina shida hiyo, maana Ziwa Nyasa ni maji baridi.

Ndani ya transfoma kazi ya hewa hufanywa na mafuta. Yakiwa safi na makavu, pengo la milimita 2.5 huhimili zaidi ya kilovoti 30. Unyevu kidogo tu huyaharibu. Kenya yamewahi kuibwa yakauzwa ya kukaangia chipsi, biashara inayodhuru mlaji na kuunguza transfoma kwa pamoja.

Mwisho wa njia, mambo hugeuka. Kwenye nondo ya athi tunataka umeme upite haraka kuingia ardhini, nao udongo mkavu wa Septemba hukataa. Baadhi ya mafundi hufukia nondo katika mkaa na chumvi, kisha humwagia maji. Inasaidia, lakini masika huisomba chumvi ile, na iliyobaki hula chuma. Athi ya namna hiyo inapaswa kupimwa kila kiangazi.