Nsala na Picha Yake

Watu wapigao picha si kwa ujira bali kwa kupenda kwao wana desturi moja tuipendayo: mmoja wao akikuonyesha picha hakuachi uitazame kimya. Atakuambia ilipigwa wapi, ni nani hao, na ni jambo gani lililotangulia. Wako wasemao ya kuwa hayo ni maneno ya ziada, na kwamba picha njema hujisemea yenyewe. Sisi hatukubali, na sababu zetu twazitoa katika kazi ya bibi mmoja, Alice Seeley Harris, aliyekwenda Kongo mwaka 1898 pamoja na mumewe, mmisionari wa Kiingereza. Hakuwa fundi wa picha. Alichukua kamera kama walivyoichukua wengi siku zile, tangu Kodak ilipoanza kuuzwa mwaka 1888 kwa watu wasiojua ufundi huo.

Misheni yao ilikuwa Baringa, ndani ya nchi ambayo Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliiachia kampuni ya ABIR ikusanye mpira. Kila kijiji kilipangiwa kiasi chake, na askari wenye bunduki, nao ni Waafrika walioajiriwa na kampuni, waliwekwa wawasimamie watu. Mwezi wa Mei 1904 alifika misheni mtu wa Wala, jina lake Nsala, amechukua kifurushi cha majani. Kijiji chake hakikutimiza mpira wake. Askari wakakishambulia, wakamwua mkewe na binti yake Boali, mtoto wa miaka kama mitano. Ndani ya majani mlikuwa na mkono mmoja na mguu mmoja wa mtoto huyo. Bibi Harris akamwomba aketi barazani, navyo vikawekwa mbele yake, akampiga picha.

Tazama picha ile. Nsala ameketi ukingoni mwa baraza, wala hatutazami sisi. Aviangalia vitu viwili vidogo vilivyo sakafuni. Hapana kilio, hapana askari, hapana bunduki. Asiyeambiwa kitu angedhani ni mtu apumzikaye tu, mpaka jicho lake lishuke. Hapo twasema bibi huyu alikuwa na kipaji, maana alimwacha baba katika huzuni yake, hakumgeuza uso atuelekee. Walakini kipaji hicho kisingalifaa sana kama majina yasingaliulizwa na kuandikwa. Jina la baba, la mtoto, la kijiji, na la kampuni: kwa hayo picha ikawa ushuhuda.

Iko nyingine ihesabiwayo kuwa kazi yake, ya vijana wawili, Mola na Yoka. Kwa macho matupu wote wawili ni vilema wa mikono, basi. Ni habari iliyoandikwa pamoja nayo ituambiayo ya kuwa Mola alifungwa na askari kwa kamba zilizokaza mno hata mikono ikaoza, naye Yoka alikatwa mkono wa kuume na askari waliotaka kuuonyesha kama mkono wa mtu waliyemwua. Maana askari alidaiwa hesabu ya risasi zake, asije akazitumia kwa kuwinda nyama, na mkono wa maiti ndio uliokuwa hati yake. Hilo halionekani katika picha, hata ukiitazama mwaka mzima.

Mwandishi wa Marekani, Mark Twain, alitoa kijitabu mwaka 1905, na humo Mfalme Leopold analalamika kwamba kamera ni shahidi pekee ambaye yeye alishindwa kumhonga. Ni maneno ya kuchekesha, lakini twaona yamezidi. Kamera haihongeki, ni kweli. Ila ni bubu. Mwaka 1903 Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alitoa habari za kijana Epondo, kwamba askari ndiye aliyemkata mkono. Wakuu wa Kongo wakajibu ya kuwa aliumwa na nguruwe mwitu. Mkono uliokatika haukukanwa na mtu ye yote. Kilichogombaniwa ni habari yake.

Baadaye Bwana na Bibi Harris walizunguka wakionyesha picha zile ukutani kwa taa, na katika miaka miwili walinena mbele za watu mara 600 hivi. Mwaka 1908 Kongo ikaondolewa mkononi mwa Leopold, ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji, na picha hizi zilisaidia. Hata hivyo tuna neno la kulaumu. Vilitengenezwa vioo 60 pamoja na maneno yaliyochapishwa, hata mtu asiyepata kuvuka bahari aliweza kusimama na taa akasimulia mambo ya Baringa. Watu wengi walimlilia Nsala, lakini sauti waliyoisikia haikuwa yake.

Tumlinganishe na mzee Lontulu, mkuu wa Bolima. Tume ya uchunguzi ilikuja Kongo mwaka 1904, naye akaenda mbele yake akaweka mezani vijiti 110. Akavigawa mafungu manne, wakuu, wanaume, wanawake na watoto, kisha akashika kijiti kimoja kimoja akitaja jina la aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Hakuwa na kamera. Kwetu sisi, katika kazi zote za ushuhuda zilizotoka nchi ile, hii ndiyo ya kwanza, na ile ya barazani yaifuata.

Siku hizi kila mwenye simu aweza kuiona picha ya Nsala. Tumeiona ikipita mkononi mwa watu pasipo neno lo lote, na pengine imeandikwa tu ya kuwa ni mtu wa Kongo na ukatili wa zamani. Wengine wamelihifadhi jina la baba. Jina la Boali ndilo liachwalo kwanza.