Tikolo hakufunguliwa mlango

Ukitaja Kenya ya 2003, lazima mtu akuambie walibebwa na nyumbani. Ni kweli, New Zealand walikataa kuja Nairobi, tukapewa pointi za bure. Lakini Sri Lanka walikuja Gymkhana wakalala kwa mikimbio 53, Collins Obuya akiangusha wiketi 5. Na 1996 tuliwapiga West Indies kule Pune, India. Hapo nyumbani ni kwa nani?

Orodha za magwiji wa kriketi husifu mikimbio ya Test, na mingi ilipatikana nyumbani, waamuzi wakiwa wa kwao. Waamuzi wote wawili kutoka nje ikawa sheria 2002 tu. Steve Tikolo hakupewa Test hata moja.

Mimi hapa Njoro najua kupimwa kwa karatasi usiyonayo. Ila mimi chuo niliacha mwenyewe. Tikolo hakufunguliwa mlango.