Kompyuta "Haiwaki": Uhakiki wa Maneno ya Ufundi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, sehemu kubwa ya jitihada za kuunda istilahi imeelekezwa kwenye majina ya vitu. Kwa upande wa kompyuta, wataalamu wamebishana sana juu ya jina la mashine yenyewe: kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Tena mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, hata kwa muda mrefu maneno hayo yakakosa mikono ya kuyajaribu. Mwaka 2004 ilipotolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, istilahi zake zilimhusu mtu aliyeketi mbele ya skrini. Yule afunguaye kasha kwa bisibisi hakupewa neno.

Makala haya yanahakiki maneno machache yanayotumika kompyuta inapokataa kuanza kazi baada ya kuwekewa kadi mpya ya grafiki. Tumechagua mfano wa Karatu na Ngorongoro kwa sababu mbili. Kwanza, utalii umeleta huko kazi ya kuhariri picha za video, nayo huhitaji kadi zenye nguvu. Pili, wilayani Karatu na katika nyanda za Ngorongoro hukutana Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, Kidatoga na Kimaasai, ambazo ni za Kiniloti, na Kihadza, ambacho hakina ndugu anayejulikana. Fundi na mteja aghalabu hawana lugha nyingine ya pamoja ila Kiswahili. Kiswahili kikikosea, hakuna pa kukimbilia.

Neno la kwanza ni "haiwaki". Kitenzi kuwaka kimetoka kwenye moto, kikaenda kwenye taa na injini, na huko kinatosha. Katika kompyuta kinaficha hitilafu tatu zilizo mbali mbali. Kuna kompyuta isiyopata umeme kabisa: feni haizunguki, taa haionekani. Hapo hutazamwa swichi ya nyuma ya pawasaplai, waya uliolegea kasha lilipofunguliwa, au shoti. Kuna ile ambayo feni zake huzunguka lakini skrini ni nyeusi. Hapo huenda waya wa skrini umeachwa kwenye tundu la zamani la ubao mama badala ya tundu la kadi mpya, au kadi haikuzama sawasawa, au waya wake wa ziada wa umeme haukuchomekwa. Tundu la kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 tu; waya wa pini sita huongeza wati 75, na wa pini nane wati 150. Kadi kubwa isiyopewa waya huo huenda isitoe picha. Tatu, kuna kompyuta inayowaka ikajizima papo hapo. Hapo hushukiwa pawasaplai kuzidiwa na mzigo.

Hebu tufikirie mteja wa ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, anayempigia simu fundi wa Karatu na kusema, "Fundi, shikamoo. Kompyuta haiwaki." Fundi akichukua maana ya kwanza, atabeba pawasaplai mpya, apande mlima, apite lango la Loduare lenye saa zake za kufungwa, kisha akute waya mmoja umechomekwa tundu lisilo lake. Siku imepotea, na nauli ni ya mteja. Hasara hiyo imesababishwa na kitenzi kimoja.

Neno la pili ni "sipiyu". Wengi huliita hivyo kasha zima, ilhali herufi hizo ni za prosesa iliyomo ndani. Mtu asemapo "sipiyu imeungua", amezungumzia sanduku zima au kijisehemu kimoja cha thamani kubwa? Yafaa kasha liitwe kasha, na prosesa iitwe prosesa.

La tatu ni jina la kadi yenyewe. Wapo wanaopenda "kadi ya picha" kwa kuwa ni Kiswahili cha wazi. Lakini kwa mwongoza watalii, kadi ya picha ni ile ya kamera. "Kadi ya michoro" nayo humpeleka msikilizaji kwenye ramani za majengo. Neno la kukopa lenye maana moja ni bora kuliko neno la asili lenye maana mbili. Kwa hiyo "kadi ya grafiki" na ibaki.

Si kila neno la karakana lina kasoro. Jozi ya chomeka na chomoa ni fupi, na kila mtu huielewa. Usemi "kadi haijakaa" umechukua kitenzi kile kile tunachotumia kwa nguo iliyomkaa mtu vyema. Mwanaistilahi atakayeleta "haijapachikwa ipasavyo" atakuwa ameongeza silabi bila kuongeza maana.

Pendekezo letu ni kwamba "haiwaki" ligawanywe: haipati umeme, haionyeshi, na inajizima. Maneno hayo hayahitaji kuundwa, kwani yamo vinywani mwa watu. Kinachohitajika ni kuyapa mipaka na kuyafundisha vyuoni. Fundi naye aulize kwanza: "Feni inazunguka?" Kisha amwombe mteja azime, achomoe waya wa umeme, aondoe kadi mpya, na ajaribu kwa tundu la skrini la ubao mama, kama lipo. Ikionyesha, basi ubao mama na prosesa ni vizima, na hitilafu itafutwe kwenye kadi au umeme wake.

Istilahi hupimwa kwa kazi. Wasomaji walio na maneno ya karakana za kwao wanaombwa wayalete yapimwe pamoja na haya.