Fundi Anayepima Oili

Gereji za Kahama, Katoro na Geita mjini zina mafundi wengi, na karibu wote wanajua kumwaga oili. Wanaojua kuipima ni wachache. Fundi mimi namtazama mkono anapomimina oili mpya: akianza kupunguza mwendo kabla dumu halijaisha, gari namwachia.

Hesabu yenyewe iko hivi. Injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1500 iliyomo kwenye IST na Probox nyingi, inataka lita 3.7 ukibadili na filta. Filta ya zamani ikibaki, lita 3.4. Dukani oili inauzwa kwa madumu ya lita 4 au 5. Fundi asiyejali analigeuza dumu mpaka tone la mwisho, na mwenye gari anafurahi kwamba hajapunjwa. Ziada ya dumu la lita 4 injini inaweza kuivumilia. Ya lita 5 hapana, hasa kama oili chafu haikutoka yote kwa sababu gari lilisimama limeinama.

Oili ikizidi, krenki inaifikia na kuikoroga mpaka inatoa povu. Pampu nayo inaanza kuvuta hewa, beringi zinakosa oili japo sampu, bakuli la oili chini ya injini, imejaa. Gari linakuwa zito, linakula mafuta, sili zinaanza kuvuja. Ikipungua, ile kidogo iliyobaki inazunguka mno bila kupata muda wa kupoa, na uchafu wote unabebwa na hiyohiyo. Kwenye kona au mlima inakimbilia upande mmoja, taa nyekundu inawaka. Hapo simama, zima injini. Usiseme utafika tu.

Makosa ya kupunguza nayaona zaidi kwenye Land Cruiser za dizeli zinazokwenda machimboni. Injini ya 1HZ, ya lita 4.2, inachukua oili zaidi ya lita 9. Madumu mawili ya lita 4 yanaonekana mengi mno machoni, kumbe bado kuna pengo la zaidi ya lita moja. Oili hiyo nyingi ina kazi: dizeli ina masizi, na masizi yanahitaji oili ya kutosha kuyabeba hadi siku ya kumwaga. Ndiyo maana oili ya dizeli kuwa nyeusi baada ya siku chache si ubovu.

Fundi mzuri anaweka gari mahali tambarare, injini ikiwa ya moto. Oili ya zamani ikishatoka yote, anamimina mpya pungufu kidogo ya kipimo, anawasha ili filta ijae, anazima, kisha anangoja kama dakika 5 oili ishuke. Anachomoa stiki ya kupimia, anaifuta kwa kitambaa safi, anairudisha mpaka mwisho, anachomoa tena. Hapo ndipo anaongeza kidogo kidogo mpaka karibu na alama ya juu, bila kuivuka. Asiyerudia kuchomoa hajapima.

Oili iliyotoka nayo anaisoma. Akiona rangi ya kahawa ya maziwa, kuna maji yameingia, na gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Ikinuka petroli na kiwango kimepanda chenyewe, mafuta yanavuja ndani. Chembe zinazong'aa kwenye vidole ni chuma kinacholika. Migodi mikubwa hupeleka sampuli maabara kutafuta dalili hizo, pamoja na silika, maana hiyo ni vumbi lililopita kwenye ekilina, yaani chujio la hewa. Kwa barabara za vumbi za kwenda machimbo ya Nyarugusu, fundi asiyefungua ekilina siku ya kubadili oili amefanya nusu ya kazi.

Kilomita pekee hazitoshi kupanga siku ya kumwaga. Gari linalounguruma machimboni kutwa nzima halisogezi kilomita, lakini oili inachoka. Mashine nyingi za migodini huhesabiwa kwa saa, mara nyingi 250. Injini ya karasha, mashine ya kusaga mawe, ndiyo nyonge kuliko zote: sampu yake ni ndogo, vumbi la mawe liko juu yake kutwa, kwa hiyo stiki ichomolewe kila asubuhi kabla injini haijawashwa.

Mwisho, dai oili iliyobaki dumuni. Kwa kuwa ni ya daraja lilelile, funga kifuniko, ikae kwenye buti kwa ajili ya kuongezea.